Mama Antena na Mngurumo wa Kliniki

Mtaani walimwita Mama Antena, naye hakuona ubaya. Waya uliotoka pembeni mwa paa lake hadi kwenye nguzo ya chuma ulionekana tangu barabara kuu, na mgeni aliyetafuta nyumba yoyote ya upande ule alielekezwa kwa waya huo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha mitambo ya simu, akiwaunganisha watu wasioonana. Alipostaafu alisema wazi kwamba kukaa kibarazani kukagua wapita njia hakuwezi. Akafanya mtihani wa redio ya ridhaa, ile ya wanaozungumza hewani kwa mapenzi bila malipo, akafaulu, akapewa leseni, akatundika waya wake. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri aliendesha baraza la hewani. Watu wa nchi mbalimbali walikutana kwenye masafa yake, kila mmoja akapewa zamu yake, na aliyewadakia wenzake akatulizwa kwa upole uliouma kuliko matusi.

Jumamosi moja baraza limepamba moto, mlango ukagongwa kama unataka kung'olewa. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya jirani, kijana wa kike, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Samahani, mama. Ukianza kuongea, redio yetu ya kuongea na gari la wagonjwa inanguruma. Dereva anaita, hatumsikii. Na ndani ya ule mngurumo nimeitambua sauti yako, ila kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa."

Mama Antena hakubisha. Alirudi mezani, akashika maikrofoni. "Wapendwa, nina hitilafu upande wangu. Nazima." Akazima. Kisha akamwambia muuguzi apige simu kliniki aulize.

"Wanasema imenyamaza," muuguzi alisema, kama anayeona haya kwa niaba yake.

"Basi ni mimi. Rudi kazini, mwanangu. Mtambo huu hautatoa hata mluzi hewani mpaka nimjue huyo anayenichafulia jina."

Mumewe, mchora mabango wa siku nyingi, alikuwa uani akisafisha brashi zake.

"Wamekufungia?"

"Nimejifungia mwenyewe."

"Afadhali," alisema mzee. "Wewe ukifungiwa na mtu mwingine, hapa hapakaliki."

Alicheka, akavaa miwani, akaanza kazi. Hakuwa na wasiwasi. Mtambo aliouunda kwa mikono yake haukuwa na pa kuficha kosa.

Kwanza aliwashuku wale aliozoea kuwaita watoto. Kila mtambo ukirusha mawimbi, huzaa mengine madogo kwenye masafa ya mara mbili, mara tatu na kuendelea, na kazi ya kichujio ni kuwazuia wasitoke nje. Alikikagua kichujio, kikawa kizima. Akauchomoa waya wa antena, akaunganisha mahali pake kopo lenye vizuizi vya umeme vilivyozama kwenye mafuta, ili nguvu yote iishie humo kama joto, isiende hewani. Kisha akampa mumewe redio ndogo ya kusikilizia, akamtuma jikoni.

"Zungusha kitufe polepole. Ukisikia mngurumo, niambie namba."

Mzee alizungusha, akatega sikio, akazungusha tena. "Huyu hapa!" Akaisoma namba.

Mama Antena alipiga hesabu kichwani. Haikuwa mara mbili, wala mara tatu, wala mara yoyote. "Isome tena."

"Sasa imesogea. Inatembea hii!"

"Kumbe," alisema mama, akakaa vizuri kitini. "Huyu si mtoto wangu wa halali. Huyu ni wa nje ya ndoa."

"Mimi simo," mzee alijibu kutoka jikoni, wakacheka wote wawili.

Lakini hapo ndipo alipopata njia. Mawimbi yasiyofuata hesabu, tena yanayohamahama mtambo ukipata moto, yalimaanisha kwamba amplifaya, sehemu inayokuza nguvu ya mawimbi, inalia yenyewe. Ni kama maikrofoni iliyosogezwa mbele ya spika ukumbini: sauti iliyotoka inarudi ilikoingia, na ukumbi mzima unaziba masikio. Ndani ya sanduku la mtambo kulikuwa na kitu kinachoitoa nguvu mlango wa nyuma na kuirudisha mlango wa mbele.

Asubuhi ya Jumapili alifungua skrubu za kifuniko, akakiweka pembeni, akawasha kwa tahadhari, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama alivyofundishwa, ili umeme usipite moyoni. Jikoni, kwenye redio ndogo ya mzee, kimya. Akazima, akarudisha kifuniko, akawasha. Mngurumo. Akatoa tena: kimya. Kifuniko! Kipande cha bati kisicho na waya wala roho. Kazi yake ilikuwa kugusana na sanduku pande zote na kumeza uchafu wote. Akakigeuza juani, akapitisha kidole ukingoni. Paliteleza.

Palikuwa pamepakwa rangi. Rangi ya buluu, tabaka mbili, safi, isiyo na hata alama ya brashi.

Alikumbuka. Siku chache kabla ya Jumamosi ile alikwenda kumwangalia mkwewe aliyejifungua, na aliporudi alikuta sanduku lake kuukuu liking'aa kama jipya. Alifurahi mpaka akaita majirani waje kuona.

Mzee alisimama mlangoni na ile redio ndogo. Aliangalia kifuniko, akaangalia kidole cha mkewe, uso ukamshuka.

"Nilipaka mpaka ndani," alisema. "Kazi nusunusu siiwezi."

"Najua. Umepaka mpaka pale bati linapotaka kukumbatiana na bati. Rangi haipitishi umeme; sasa limekaa juu kama mgeni, linadaka nguvu huku na kuirudisha kule."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemziba mdomo dereva wa wagonjwa."

"Ni mimi niliyefunga skrubu bila kutazama," alisema mama. "Lete kile kisu chako cha kukwangulia."

Hakumpa. Alikaa mwenyewe, akabandika utepe wa karatasi wenye gundi kulinda sehemu za nje, akakwangua ukingo mpaka bati likatoa mng'ao mwembamba, ulionyooka kama mstari wa bango. Mama alikaza skrubu moja moja, akawasha. Jikoni kimya.

"Bado," alisema. "Nenda kliniki ukasikilize huko huko."

Mzee alifika, akapiga simu. Mama akarudisha antena, akabonyeza kitufe cha maikrofoni.

"Vipi?"

"Kimya."

"Kimya cha kufa au cha kupumua?"

"Cha kupumua. Ngoja! Dereva anaita. Anamleta mama mwenye uchungu. Nasikia kila neno. Usiache kuongea!"

Hakuwa amejiandaa. Alitaja alama yake ya wito, jina lake la hewani, akasema "jaribio" mpaka likaisha ladha, kisha akaanza kueleza kilichokuwa dirishani: nguo za jirani kwenye kamba, paka aliyelala juu ya ukuta. Kwenye simu, mbali kidogo, alimsikia muuguzi akimjibu dereva kwa sauti tulivu, wakielewana bila kurudia.

Alipoachia kitufe, sauti ya mwanachama mmoja wa baraza ilitoka kwenye spika, kutoka ng'ambo, safi kabisa.

"Karibu tena hewani, mama. Huyo paka ana rangi gani?"