Kila Kitu Hakujitoa

Kocha alimdhulumu msichana aliyeitwa Kila Kitu kwa neno moja. Alimsomea karatasi, akamshika dole gumba, akalichovya kwenye wino na kulikandamiza chini ya maandishi. Kwa dole hilo akamwondoa kwenye safari ya mashindano ya ngumi, na nafasi akampa mpwa wake mwenyewe. Ni miaka ishirini na sita sasa. Waliojua wapo hai, ila midomo yao imebaki ya kulia chakula tu.

Jina la Kila Kitu alipewa na wasichana wa mtaani, kwa sababu hapakuwa na mchezo uliomshinda. Alidaka mpira golini. Aliruka kamba iliyomfika shingoni. Akishika mkuki, watu walihamisha baiskeli zao. Mtoni alivuka na kurudi, na wavulana bado wanavua mashati. Alipoingia kwenye jengo la ngumi akiwa na miaka kumi na tisa, vyote vilimfuata humo. Macho ya golikipa yaliiona ngumi kabla haijatoka begani kwa mwenzake. Pumzi ya mwogeleaji haikukatika raundi ya tatu. Na lile bega la mkuki, waulizwe waliokutana nalo. Mpwa wa Kocha alikutana nalo mara mbili, na mara ya pili aliomba maji katikati ya raundi.

Shule hakwenda, na Kocha alijua. Ndiyo maana alimwita ofisini wakiwa wawili tu.

"Sikiliza. 'Mimi, bondia wa kilo sitini, najitoa kwa hiari yangu mwenyewe.' Umeelewa?"

"Nimeelewa, Kocha. Najitoa mwili na roho."

"Basi weka dole."

Asubuhi ya safari alifika na begi la kuazima. Aliyeshika orodha mlangoni mwa basi akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe si ulijitoa?"

"Ndiyo, nimejitoa. Ndiyo maana nimekuja."

Basi zima likacheka. Yeye pia alicheka, akidhani ni furaha ya safari, mpaka alipomwona mpwa wa Kocha amekaa kiti cha mbele, ameinama, anajifanya kufunga kamba za viatu.

Mtu akijitoa kwa ajili ya wenzake husifiwa. Akijitoa kwenye mashindano, hufutwa. Neno ni lile lile. Kocha alimwachia msichana maana ya kwanza, akatumia ya pili.

Kila Kitu akaenda kufua shuka za hospitali, na huko yuko mpaka leo. Mashine ya kukamulia ikigoma, na hugoma kila wiki, wenzake hushika shuka wawili wawili wakakamua. Yeye hukamua peke yake. Binti yake, kitinda mimba, alikulia kwenye kamba za kuanikia, akiziruka moja baada ya nyingine kama swala. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anakimbia, anadaka, anaogelea, na alikuwa ameanza kuupiga mfuko wa nguo chafu kwa ngumi za kushoto.

"Mama, nataka kwenda kwenye lile jengo. Nataka kupigana, si kulipiza."

Miaka miwili mama alikataa. Jumamosi moja akavua aproni.

"Haya, kapigane. Hilo la pili niachie mimi."

Jengo lilikuwa lile lile, jasho lile lile. Ukutani palikuwa na ubao wa mabondia wa kila mwaka. Kila Kitu hajui kusoma, lakini lipo neno moja aliloonyeshwa zamani na analolijua kwa sura, kama mtu anavyomjua mbaya wake sokoni. Limekaa mbele ya jina lake: ALIJITOA.

Binti akajaribiwa mbio, kamba, kisha raundi mbili na bondia aliyemzidi miaka mitatu. Yule bondia alitoka ulingoni akiuliza kama kuna mlango wa nyuma. Kocha, ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama na goti lake limeota kutu, akasogea na mkongojo.

"Huyu ametoka wapi?"

"Tumboni mwangu," akasema Kila Kitu.

Kocha akamtazama, akamtambua. Akavuta karatasi na kidau cha wino. "Weka dole hapa, mama. Ni kwamba unamtoa binti yako awe bondia wa chama."

"Neno hilo na dole langu havikai tena karatasi moja." Akamgeukia katibu, msichana mwenye miwani. "Nisomee wewe, mwanangu. Neno kwa neno, na kila unalosoma uliguse."

Katibu akasoma mara tatu. Safari hii hapakuwa na hila. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Futa 'namtoa'. Andika 'namruhusu'."

Katibu akafuta, akaandika. Ndipo Kila Kitu akaweka dole, mwenyewe, bila kushikwa mkono. Kisha akalielekeza ubaoni, likiwa bado na wino.

"Na lile?"

"Mama, yaliyopita si ndwele."

"Yamekupita wewe. Mimi nimekaa nayo."

Vijana wakaacha kupiga mifuko. Katibu akavua miwani. "Kocha, kwani hakujitoa?"

Kocha akafunga kidau cha wino. "Binti akishinda pambano la kwanza, nitasema."

"Usimtwike mwanangu mzigo wako," akasema Kila Kitu. "Ashinde asishinde, utasema."

Kocha hakukataa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, hakukataa. Nyuma yake binti alikuwa amerudi ulingoni, anaruka kamba, na nyayo zake hazikusikika.

Pambano ni wiki ijayo. Mpwa wa Kocha anadaiwa aeleze kamba gani alikuwa anafunga, maana siku ile alivaa ndala. Na Kocha anadaiwa neno moja, alitamke kwa mdomo wake mbele ya mabondia wote, kisha ashike brashi aliandike ubaoni: hakujitoa.