Mteja Gani Anajua Sikio la Godoro?

Saa mbili asubuhi, Mama Utepe ameketi kwenye cherehani sebuleni kwake, anapinda foronya, na kila simu inapoita anasimamisha gurudumu. Hapokei. Anaikodolea macho kwanza, anasoma namba mpaka mwisho, kisha anaigeuza kifudifudi na kuendelea kukanyaga.

"Namba ngeni sipokei," anasema. "Anayenijua anajua mlango."

Hata mwandishi wa makala haya alipobisha hodi, aliulizwa maswali mengi kuliko aliyokuja nayo. Umetumwa na nani? Nani kakuelekeza? Una ndugu kiwandani? Mama Utepe aliporidhika, au pengine alipochoka, akaondoa rundo la vitambaa kwenye kiti na kusema karibu.

Jina la Mama Utepe alilipata kwenye kiwanda cha magodoro, alikofanya kazi miaka tisa katika chumba cha umaliziaji. Kazi yake ilikuwa kushona utepe kuzunguka godoro ili kava likae sawasawa, na penye ugumu ni kwenye pembe. Pembe hizo, chumba kizima kinaziita masikio. Ofisini wanasema kona, dukani kona, mteja naye kona. Sikio ni neno la watu wachache wa chumba kile, wala hawakuwahi kulitoa nje.

"Sikio likikaa vizuri, godoro limekwisha," anaeleza, huku akikunja kitambaa kuonyesha. "Likijikunja, fumua."

Mwaka jana akapunguzwa. Aliambiwa biashara imeshuka, akashukuriwa, akapewa mshahara wa miezi miwili na mkono wa kwaheri. Haikupita wiki, mezani pake akaketishwa kibarua wa malipo ya kutwa. Habari hiyo aliletewa na wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye mpaka leo anashona chumba hichohicho.

Ikamuuma kweli. Siku hizi kuna mahali mtandaoni ambapo kampuni hupewa nyota na maoni, na mwandikaji akitaka anajificha. Akafungua akaunti, akajiita Mpita Njia, akaipa kampuni nyota moja. Aliandika kwamba madirisha ya chumba kile yamepigiliwa misumari ili watu wasirushe vitambaa nje, kwamba vumbi la sponji linawakaa kifuani, na kwamba waliopunguzwa walidanganywa. Hakumwambia mtu, hata mumewe, ambaye mambo ya simu hayamhusu alimradi chakula kipo.

"Niliona raha," anakiri. "Ile raha ya kumfinya mtu kwenye umati. Anageuka huku na huku, wewe unatazama juu."

Akarudi kuandika mara ya pili, na ya tatu. Kisha chini ya maneno yake yakatokea mengine, nyota tano, ya mtu aliyejiita Mteja Aliyeridhika: "Nimelalia godoro lao miaka mitatu, masikio yote manne mazima. Chumba kile kina hewa ya kutosha. Huyo Mpita Njia ana chuki zake tu."

Alisoma akacheka. Aliporudia, kicheko kikamkauka. Mteja gani anajua sikio?

Tangu hapo hakuwa na amani na mtu. Shoga yake wa meza ya jirani alipopiga simu kumjulia hali, akajiuliza ni hali gani hasa anataka kuijua. Mfungashaji wa zamani alipomsalimu dukani kwa furaha, akaona furaha imezidi. Mzee wa mikasi, aliyewahi kumchangia hela za matibabu ya mtoto, naye akashukiwa, akasamehewa, akashukiwa tena.

Wifi peke yake ndiye aliyeachwa nje ya shaka hizo, maana ndiye aliyekuwa mleta habari. Lakini wifi naye alikuwa ameanza kupita bila kuingia, na akiingia hakai, na akikaa haulizwi jambo ila anakumbuka ameacha chungu motoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema Mama Utepe. "Na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa."

Siku moja akamwandalia chai, akamketisha, wala hakuzunguka.

"Wifi, mteja gani anajua sikio?"

Wifi akaweka kikombe chini. "Na mpita njia gani anajua sikio, wifi?"

Mama Utepe akachukua simu na kusoma maneno yake mwenyewe. Lilikuwemo. Katika maoni ya tatu alikuwa ameandika kwamba alishona masikio huku machozi yanamtoka kwa vumbi. Miaka tisa ya kulitamka neno ilimfanya asilione tena.

Hapo wifi akamwaga yote. Msimamizi alikuja na simu chumbani, akawasomea kwa sauti, akasema huyu si mpita njia, huyu ni wa humu. Akauliza nani bado anaonana na waliopunguzwa.

"Wote wakanitazama mimi," wifi alimwambia. "Nikaambiwa, kama humtumikii, onyesha uko upande gani. Nikaandika yeye amesimama nyuma yangu. Ulitaka nifanyeje? Nina watoto, na kazi ya kaka yako unaijua, mvua ikinyesha analala."

Mama Utepe anasema aliona aibu, na anasema pia kwamba aibu haikumwondolea shaka.

"Kulazimishwa, sawa. Lakini lile la chuki zangu nani alimtajia? Hilo lilikuwa lake. Alikuwa nalo siku nyingi."

Mkataba wa wifi unaisha mwisho wa mwezi huu, na msimamizi bado anamtazama kwa jicho la pembeni. Kufuta maoni kusingesaidia, maana ofisi ingesema wifi ndiye aliyepeleka onyo. Basi Mama Utepe akaandika upya, safari hii kwa jina lake kamili na meza aliyokuwa akishonea: "Mpita Njia ni mimi. Walio ndani hawakunituma." Ya madirisha akayaacha palepale.

Gharama imeonekana mapema. Hoteli iliyokuwa imemwita kwenye usaili wa kushona mashuka ilinyamaza ghafla, na zile namba ngeni zikaanza kupiga. Anachopata kwa foronya hakifiki theluthi ya mshahara wake wa zamani.

Hata hivyo amepata oda ya kava za magodoro ya zahanati, na amenunua cherehani ya pili, mtumba, iliyokaa karibu na mlango ikiwa imefunikwa shuka. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kushona masikio. Yeye na wifi hawajaonana tangu siku ya chai. Salamu zinapelekwa na watoto, nazo zinafika zimepungua.

Mwandishi anapoaga, Mama Utepe anamsindikiza mpaka kizingitini.

"Ukipita kwa wifi," anasema kwa sauti ya chini, "mwambie kuna mtu ana cherehani ya pili, imekaa bure."

"Nimwambie ni mtu gani?"

"Usitaje. Atajua tu."

Anarudi kwenye kiti chake, anashika gurudumu, halafu analiachia bila kulizungusha.

"Hapana, ngoja. Mwambie ni mimi. Mwambie, wifi yako amesema uje."