Mtu wa Kushika Plagi

Amplifaya, mashine ya kukuzia sauti ya gita, ilikuwa tayari tangu theluji ya mwisho, lakini Delbert Nowicki alikuwa hajaiwasha. Ilikaa mezani katika chumba cha chini ya nyumba yake, pale Toledo, imefunikwa taulo la jikoni.

Si kwamba kazi ilimshinda. Aliiagiza kwa posta, ikaja vipandevipande ndani ya boksi, akaiunganisha mwenyewe waya kwa waya. Lehemu zilizoshikilia waya hizo ziling'aa. Hata mkaguzi mwenye roho mbaya angekosa la kusema. Tatizo lilikuwa sheria. Amplifaya ya gita inayotumia valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ina umeme wa kumsimamisha mtu moyo. Kwa hiyo siku ya kwanza fundi hutia mkono mmoja mfukoni, umeme usije ukapita kifuani kutoka mkono hadi mkono, na mtu mwingine hukaa na waya wa plagi, tayari kuichomoa. Usiwashe peke yako. Delbert aliwahubiria wenzake kiwandani sheria hiyo mpaka wakamchoka.

Zamani mtu huyo alikuwa Maureen, mkewe. Alikuwa akikaa kwenye ngazi, waya mapajani, akijaza chemshabongo ya gazeti. Delbert akisema "sasa", yeye hujibu "haya, bwana injinia" bila hata kuinua macho. Maureen alifariki vuli iliyopita, na tangu hapo ngazi ile haikukaliwa na mtu.

Binti yao, Colleen, aliyekuwa akiishi Oregon, alijitolea kubaki kwenye simu wakati baba akiwasha. Delbert alimshukuru, asimwambie kwamba plagi haichomolewi kwa simu. Alikuwa mpweke, tena mpweke mwenye kiburi, aliyekuwa radhi kukaa na amplifaya bubu kuliko kugonga mlango wa mtu.

Jumapili moja mchana kiburi kilimwishia. Akagonga kwa jirani yake, Ardith Rusk, mjane, ambaye miaka yote ya ujirani hakuwahi kuzungumza naye jambo ila majani ya mti wa Delbert yanayomwagikia uani kwake.

"Natafuta mtu wa kushika plagi," alisema Delbert, akamweleza mambo ya valvu.

Ardith alimtazama juu mpaka chini. "Sasa ukikauka hapo, mimi polisi nitawaambia nini?"

"Waambie nilikuwa mbishi."

"Hilo mtaa mzima unalijua."

Akaja na ufagio, maana alishasikia kwamba mtu aliyenaswa na umeme hunasuliwa kwa mti. Delbert alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaona haya kwa kucheka. Ardith akakaa ngazini, palepale, waya mapajani. Delbert aliunganisha spika, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akasema, "Sasa."

"Haya, fundi."

Valvu zikaanza kuwaka polepole, rangi ya chungwa. Hakukuwa na moshi. Delbert akachukua gita, akapiga polka, nyimbo za dansi alizokuwa akizipiga harusini ujanani, akikosea hapa na pale, na Ardith akafuata mapigo kwa kugonga mpini wa ufagio sakafuni. Baadaye wakanywa kahawa. Ardith alisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma. Delbert akasimulia habari za chemshabongo za Maureen.

Wakati wa kuaga, Ardith aliuchukua ufagio wake. "Basi ni nzima. Ikiharibika, nigongee."

Delbert alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi chini. Upweke ulimrudia kabla hajafika ngazi ya mwisho. Kugonga mlango wa mtu bila sababu hakujua, na pale mezani amplifaya ilikuwa nzima, haina hata kasoro ya kusingizia.

Aliichomoa, akaumaliza umeme uliobaki ndani yake, akaipindua. Alizikagua lehemu moja baada ya nyingine bila haraka, akachagua iliyokuwa nzuri kuliko zote. Kisha akapasha moto chuma cha kulehemu, akaiyeyusha lehemu ile mpaka waya ukaachia.