Springi ya Bastola ya Mzee

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, fundi saa hupulizia lenzi yake pumzi na kuifuta kwa ncha ya tai. Jaswinder, aliyempa meza ya kazi dukani kwake mtaani Tooting, sasa hata pumzi ile inamkera. Amempa atengeneze bastola ya kale ya marehemu baba yake Jaswinder; ni pambo tu la ukutani, ila nyundo yake ya kufyatulia imelegea kwa kukosa springi, na Ijumaa ni kumbukumbu ya mzee. Springi nne zimeletwa na posta. Zote fundi kazipima, kazinusa, kazirudisha.

“Si yake hii, dada.”

“Kata kidogo basi, fundi. Kwani unaitafutia mchumba?”

“Nikiikata, nimeharibu mbili, springi na bastola,” alijibu kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Ya tano ilifika fundi akiwa amekwenda kula. Jaswinder akaipiga tupa mwenyewe, akaisukuma kwa koleo mpaka ikaingia. Fundi aliporudi, alipitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo mpya kwenye chuma cha zamani.

“Si nyundo imesimama?” Jaswinder akauliza.

Fundi alivaa koti lake, akapita katikati ya wateja akisema, “Samahani, samahani,” akatoka. Ijumaa wageni waliisifu bastola. Fundi hakurudi tena.