Lango la Viktoria

Viktoria ni fundi cherehani wa mtaa wa Oli, na meza yake ya kukatia nguo ni kubwa kuliko kitanda chake. Wiki nzima hushona sare za shule kwa kipimo cha watu wengine. Jumapili mchana meza huwa tupu, na hapo hucheza mchezo aliofundishwa na binamu yake. Yeye hutunga nchi na watu wake, wenzake huwa wasafiri ndani ya nchi hiyo. Kila mmoja husema msafiri wake anafanya nini, na jambo likiwa gumu, dadu ya ludo huamua. Wasafiri wenyewe ni vifuniko vya soda.

Wenzake ni wawili tu: Yasiri mkaanga chapati, mzaliwa wa Koboko mpakani, na Lodu, Msudani Kusini muuza samaki mkavu, ambaye maneno yake ni machache lakini yote yana pilipili.

Safari ya kwanza aliyowatungia ilikufa Jumapili ya pili.

"Dada, wewe nahubiri kupita padri," Yasiri alimwambia. "Sisi nakaa tu kusema amina."

"Tunakupa Jumapili moja ingine," Lodu akasema. "Ikishindwa, tunarudi kwa ludo."

Maneno hayo yalimchoma Viktoria kama mwiba wa samaki. Ludo hata kuku anaweza kucheza. Nchi yake ndiyo kitu pekee kilichotoka kichwani mwake mwenyewe.

Basi akajipanga. Kwenye karatasi ya kukatia mitindo akachora ufalme mzima, mito na masoko yake, na mbele ya yote akaweka lango moja kubwa. Langoni akamsimamisha askari mwenye jicho moja, mwenye maswali thelathini na mawili. Asiyejibu haingii. Maswali yalijaza nusu ya daftari, na kwa sababu ya hayo sketi za watu zilichelewa siku nne.

Ili askari wake aongee kama askari, akapanda gari mpaka Koboko kwa mjomba wake, mzee Dumo, aliyelinda vizuizi vya barabarani enzi za ujana wake. Mzee alimfundisha namna ya kusimamisha mtu, namna ya kupindua kitambulisho juu chini kana kwamba unasoma. Kisha akaitazama ramani aliyokuja nayo Viktoria.

"Mtoto yangu, kando ya lango iko nini?"

"Nyasi, Mjomba."

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu."

Mzee akacheka mpaka akashika ubavu, akaagiza chai ya pili. Viktoria akadhani ni mambo ya uzee.

Jumapili ikafika. Vifuniko viwili vikasimama mbele ya lango. Viktoria akakaza sauti: "Simama hapo. Wewe nani, natoka wapi?"

Yasiri aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye nyasi.

"Panya iko wapi hapa?"

"Panya gani?"

"Njia ya panya, Dada. Lango kubwa namna hii, lazima panya iko. Mimi nimezaliwa mpakani. Nani napita getini?"

"Mgeni na mtu wa serikali," Lodu akajibu.

Viktoria akaona maswali yake thelathini na mawili yakizama. "Huko kuna nyoka," akasema.

"Nyoka iko moja, sisi tuko wawili."

Alifungua mdomo kuwakataza, na papo hapo akasikia kichwani kicheko cha mzee Dumo. Kumbe aliulizwa mapema. Akafunga daftari, akachukua chaki yake ya kushonea, akachora kijia chembamba katikati ya nyasi.

"Haya, piteni. Nyasi iko juu ya kichwa. Mbele moshi inatoka. Mama mzee anachemsha muhogo, na njia imepita katikati ya jiko lake."

"Tunamsalimu," Yasiri akasema haraka. Huwezi kupita jiko la mtu kimya.

"Anaitikia. Anauliza mmemwonaje mtoto wake pale langoni, yule mwenye jicho moja. Amekula?"

Lodu akaweka dadu chini. "Huyu ni mama yake?"

"Ndiye. Na ana maswali."

Aliyauliza kutoka kichwani, sita tu, kwa sauti ya mama mwenye njaa ya habari. Wakajibu, wakabishana, wakadanganya, wakakamatwa kwa uongo wao. Jua lilipoinama, wasafiri walikuwa wanarudi langoni kwa upande wa nyuma, wamebeba muhogo wa askari kwenye jani.

Viktoria akanyoosha mkono kukusanya vifuniko, maana kesho meza ni ya sketi.

"Usiguse," Lodu akasema. "Muhogo itapoa."

Basi Jumatatu mama wa watoto wa shule, aliyefuata sketi, alimkuta Viktoria anakatia sketi kwenye mkeka, chini, na juu ya meza vifuniko viwili vimesimama.