Alama za Breki Zilizofagiliwa

Kamio ya mizigo tuliyopanda kutoka Kasongo kwenda Kabambare ilimgonga mtu wa baiskeli, akavunjika mguu. Shofere alikuwa amefunga breki mapema. Alama za matairi nilizipima mwenyewe kwa miguu, hatua ishirini na mbili. Tukamngoja Muzungu wa serikali aje kuzipima. Kapita, msimamizi wa usafi wa barabara, aliposikia anakuja, aliogopa kuchapwa kwa ajili ya uchafu. Shofere akiwa bado anamfunga majeruhi mguu, kapita akafagia kipande chote cha barabara, pamoja na alama.

Muzungu akakunjua kamba yake.

«Alama iko wapi?»

«Ilikuwa hapa, Bwana,» shofere akasema.

«Hakuna alama, hukufunga breki. Utaenda boloko, utafungwa. Ama iko mutu aliona?»

Kapita akauficha ufagio mgongoni.

Wasomaji, msimcheke kapita. Yeye alizifagia tu. Mimi niliyezihesabu, niliangalia viatu vyangu.