Siku Kamera Ilipomwitikia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifungasha begi baada ya kuongea na kamera.

Usicheke kwanza. Mimi siku ile sikucheka.

Alikuja kukaa kwetu macho yalipoanza kumsumbua. Mtoto wa jicho. Daktari akasema ni upasuaji mdogo tu. Mama akasema macho yake hayaguswi na mtu mwenye kisu. Kwisha habari.

Mke wangu akabembeleza, wapi! Akanigeukia: "Ongea naye wewe."

Mimi? Jamani, mimi na yule mama tukikutana koridoni kila mtu anarudi nyuma ampishe mwenzake. Hata salamu tunapeana tukiangalia sakafu.

Basi tukanunua kamera, ile yenye mota, inayogeuza kichwa. Tukaiweka juu ya kabati sebuleni, tukiwa kazini tumwone asije akajikwaa. Mke wangu alimweleza. Mama akajibu "haya", kama anavyoyajibu matangazo ya redio.

Kuiseti sasa!

Picha ya kwanza ilitokea kichwa chini, nikamwona mama mkwe anatembea darini kama mjusi. Nikaipindua. Nikawasha kufuata mwendo, kasi nikaipandisha hadi mwisho.

Kosa.

Pazia likipepea, kamera inaligeukia. Mama akipita, inamrukia mama. Feni ilipowashwa ndo ikawa balaa, kichwa kinazunguka kama kimepandwa na mashetani.

Nikazima kufuata mwendo. Nikashusha kasi. Nikawa naigeuza mwenyewe kwenye simu, kwa vile vishale vya juu, chini, kushoto, kulia.

Kesho yake niko dukani, tunauza vigae, nachungulia simu. Mama kavuta kiti mbele ya kabati.

"Leo umetulia," anaiambia kamera. "Jana ulikuwa unaumwa?"

Kidole kikateleza. Kamera ikatikisa kichwa kushoto, kulia.

"Haya, kama hukuumwa. Nilikuwa na wasiwasi."

Ndo ukawa mtindo. Akaipa na jina, Mpole, eti haimkatizi mtu maneno.

"Mpole, nilale kidogo?" Nabonyeza juu, chini. Ndiyo.

"Mpole, huyu wa redioni anasema kweli?" Kushoto, kulia. Hapana.

Nilikuwa naona raha, siwezi kudanganya. Tuliongea kuliko tulivyowahi kuongea.

Hadi siku alipouliza, taratibu: "Mpole, wewe unaona nikafanyiwe haya macho?"

Hilo ndilo swali!

Nikabonyeza juu, chini, juu, chini. Kamera kimya. Mtandao umegoma! Kiduara kinazunguka tu kwenye kioo. Nikapanda juu ya maboksi ya vigae, mkono juu, nabonyeza kama mwendawazimu.

"Kaka, unauza au unahubiri?" mteja akauliza.

Picha ikarudi. Mama kashika tama.

"Basi nikuulize lingine. Mkwe wangu... amenichoka?"

Hapo ndipo mibonyezo yangu yote ilipofika kwa mpigo.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kamera iliitikia kwa bidii, nusura idondoke.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Hapana, hapana!"

Mama akainuka, akaingia chumbani, na baadaye kidogo picha ikaganda tena. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mama anatoka chumbani na begi.

Sikumuaga hata bosi. Nikadandia pikipiki ya kwanza. Nikamkuta barazani, amekaa, begi miguuni, viatu vya kutokea amevaa.

Nikapiga magoti, vumbi la vigae nywele nzima.

"Mama, sijakuchoka! Ile kamera ni mimi. Mtandao ulikwama, nilikuwa najibu lile swali la kwanza..."

"Najua."

"Unajua nini, mama?"

"Mwanangu, kamera inapiga chafya? Juzi Mpole kapiga chafya, halafu akasema, 'Dada, vigae vya bafuni viko huku.' Macho ndiyo mabovu. Masikio mazima."

Nilitamani nifunikwe na kigae. Kumbe sauti ya upande wangu ilikuwa inatokea kwenye kamera, sikuwahi kuizima!

"Sasa, mama... begi la nini?"

"La hospitali. Kisu nakiogopa, lakini zaidi namwogopa mkeo, atalia kabla yangu. Nilitaka unipeleke wewe. Kukuambia usoni nikaona haya. Nikauliza swali ambalo najua huwezi kulimaliza kwa kidole, lazima uje mwenyewe."

"Na kamera ilipoitikia?"

"Nilishtuka. Halafu nikasikia mtu anapiga kelele kama kaibiwa. Nikavaa viatu, nikakungoja."

Nikampeleka. Alinishika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Na aliyelia ni mimi. Nesi akaniletea kiti na kunisihi nitulie, mama mwenyewe ananicheka.

Bandeji ilipotoka akaniangalia, muda mrefu kweli.

"Kumbe ndiyo sura yako hii," akasema.

Mimi nami nikamwangalia. Kumbe ana kidoa cheusi chini ya jicho, kama cha mke wangu. Nimeishi naye nyumba moja na sikuwahi kukiona.

Ndugu yangu unayesoma hapa, heshima nzuri. Ila kama mmeheshimiana mpaka mnahitaji mashine ya kuwasemea, hapo mmepotezana. Weka simu chini, nenda kagonge mlango, ongea na mtu wako.